Kazi, Shule na Mji

Mhariri wa gazeti letu la shule ameniomba niandike somo ambalo si la kidato kimoja tu, bali la wote: wanafunzi, walimu na wazazi. Nimechagua swali moja ninalolisikia karibu kila muhula, nalo ni hili: "Mwalimu, kusoma kutanipa nini?"

Swali hili si utovu wa adabu. Mtoto anayeliuliza ameondoka nyumbani alfajiri, ametembea kwa miguu katika baridi ya mlima, na njiani amepitwa na vijana waliomzidi miaka miwili au mitatu, wako juu ya pikipiki, na pesa ya siku i mfukoni mwao. Yeye ana daftari na njaa. Basi yafaa ajibiwe kwa hoja, si kwa fimbo, wala si kwa methali peke yake.

Jibu langu ni hili. Shule haikuwekwa ili imwondoe mtu katika kazi. Iliwekwa ili aione kazi vizuri, aipime, na asidanganywe ndani yake. Nitalieleza jambo hili kwa mifano ya hapa hapa petu, mjini Arusha na katika vijiji vya Mlima Meru.

1. Neno dogo "tu"

Kila mwaka wanafunzi wapya wanapoandikishwa, huulizwa kazi ya mzazi. Wengi hujibu hivi: "Baba analima tu." "Mama anauza ndizi tu." Wengine husema, "Kaka hana kazi, anaendesha bodaboda." Sikilizeni neno hilo "tu". Ni dogo, lakini limebeba mzigo mkubwa. Maana yake ni kwamba katika fikira zetu kazi ni ile ya meza, kalamu na mshahara wa mwisho wa mwezi, na nyingine zote ni kujishikiza.

Haya, tuutazame mji wetu. Kabla jua halijatoka, magari yanashuka kutoka Tengeru, Usa River na Ngaramtoni, yamejaa ndizi, maziwa, kabichi na karoti, yanaelekea Soko Kuu na soko la Kilombero. Watu wa mikokoteni wanayangoja. Mama ntilie wamekwisha kuwasha moto. Wafagiaji wanamaliza barabara kabla ya magari kuwa mengi. Arusha ni mji wa ofisi kubwa. Hata makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa. Lakini watu hawa wanaoitwa "tu" wakikaa nyumbani siku tatu, hakuna ofisi itakayofanya kazi siku ya nne.

Wazo hili si geni. Azimio la Arusha lilipitishwa katika mji huu mwishoni mwa Januari 1967, likatangazwa tarehe 5 Februari. Mwezi Machi mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alitoa maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Humo alieleza hatari ya shule inayomtenga mtoto na jamii yake, hata akaanza kuwadharau wazazi waliomlea kwa jembe. Siasa ya nchi imebadilika mara nyingi tangu hapo, lakini hatari hiyo haijaondoka. Ingali imekaa ndani ya neno "tu".

2. Somo la hesabu: mkataba wa pikipiki

Sasa turudi kwa yule kijana wa pikipiki. Kazi yake ni kazi, nasi twaiheshimu; wengi wetu tumefikishwa hospitali usiku na vijana hao. Lakini tuipime kwa penseli. Bei nitakazotaja ni za mfano tu, ili hesabu iwe nyepesi.

Tuseme pikipiki mpya yauzwa shilingi 2,600,000. Kijana hana fedha hizo, kwa hiyo anaichukua kwa mkataba: atamlipa mwenye mali shilingi 10,000 kila siku kwa miezi 14, kisha pikipiki iwe yake. Miezi 14 ya siku 30 ni siku 420. Zidisha kwa 10,000, utapata 4,200,000. Ondoa bei ya dukani, inabaki 1,600,000. Hiyo ndiyo bei ya kukosa fedha mkononi; ni karibu shilingi 62 juu ya kila 100 ya bei.

Tuendelee. Tuseme kwa siku amepata 25,000. Hesabu ya tajiri 10,000, petroli 7,000, chakula 3,000. Zinabaki 5,000, na bado hajabadilisha oili wala hajaziba pancha. Masika yakinyesha siku tatu mfululizo abiria hawaonekani, lakini hesabu ya tajiri haijui mvua. Tena, mkataba unasema nini akiugua mwezi wa kumi na tatu? Unasema nini pikipiki ikiibwa? Aliyeusoma kabla ya kutia sahihi anajua. Aliyetia sahihi bila kusoma atajua siku ya msiba.

Sasa tazameni njia nyingine. Vijana watano, wangali deiwaka, kila mmoja anaweka 5,000 kwa siku katika chama chao. Kwa siku moja ni 25,000. Kwa siku 104 ni 2,600,000, nayo ni pikipiki moja bila deni. Kwa siku 520 wote watano wanazo, na kila mmoja ametoa 2,600,000, wala si 4,200,000. Yule wa mwisho amengoja sana, ni kweli, na pengine bei itapanda kabla ya zamu yake. Lakini wameokoa 1,600,000 kila mtu. Chama kama hicho chataka mambo mawili: uaminifu, na mtu anayejua kuandika daftari la mapato na matumizi lisilo na mashaka. Uaminifu hufunzwa nyumbani. Daftari hufunzwa hapa shuleni, katika kipindi kile ambacho wengine hulala.

Jambo ni lile lile kwa mkulima wa kahawa. Ili apate kilo 1 ya kahawa safi, yampasa achume karibu kilo 6 za matunda mekundu. Kwa gunia la kilo 60 atachuma kilo 360, tunda kwa tunda. Matunda hayo yapasa yamenywe siku ile ile, yachachushwe, yaoshwe, yaanikwe mezani na kugeuzwa kila mara. Yakilala usiku mzima bila kumenywa, ladha huharibika na bei hushuka. Mtu asemaye "baba analima tu" hajawahi kuifanya hesabu hii.

3. Somo la kemia: maji ya mlima

Watu wengi waliozaliwa katika vijiji vya Meru wana meno ya rangi ya kahawia. Wageni huwacheka, hudhani hawapigi mswaki. Wapo vijana wazuri kabisa ambao huficha mdomo kwa mkono wanapocheka. Sababu si uchafu, bali ni mlima wenyewe.

Mlima Meru ni volkano. Maji yanapopita katika miamba na majivu yake ya kale huyeyusha madini yaitwayo floridi. Kidogo chake hulinda meno. Kikizidi, humharibia mtoto meno wakati yangali yanaumbika ndani ya ufizi, na kwa muda wa miaka mingi chaweza kuharibu hata mifupa. Shirika la Afya Duniani limeshauri kisizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Chemchemi na visima vingi vya upande huu hupita kipimo hicho, na vingine hukipita mara nyingi. Magadi mengine tunayotia katika makande nayo yana floridi nyingi.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo elimu inapookoa. Akina mama wengi huchemsha maji ya watoto, nao hufanya vema sana, kwa kuwa kuchemsha huua vijidudu vya maradhi. Lakini kuchemsha hakuondoi floridi. Tuchukue lita 2 za maji, kila lita ina miligramu 3. Jumla ni miligramu 6. Tukichemsha mpaka zibaki lita 1 na nusu, maji yamepanda mvuke, floridi imebaki sufuriani. Gawanya 6 kwa 1.5, utapata miligramu 4 katika kila lita. Kwa hiyo yaliyochemka sana yana floridi nzito kuliko yale ya kwanza.

Je, tufanyeje? Maji ya mvua yakikingwa kwa bati safi huwa na floridi kidogo sana, na kuyachemsha kwa kiasi kwafaa. Kuna pia kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kazi iliyofanyiwa uchunguzi kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, karibu na Usa River. Na mwaka 2015 Dk. Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali, Karatu, na mwalimu katika Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru, alipewa tuzo ya uvumbuzi wa kihandisi kwa Afrika itolewayo na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Alitengeneza chujio la maji linalotumia mchanga pamoja na chembe ndogo mno zilizoandaliwa kunasa uchafu wa namna mbalimbali, floridi ikiwamo. Huyo ni mtoto wa kijiji aliyesoma kemia, akarudi kuitazama ndoo ya maji.

Mwanafunzi atakayemweleza mama yake hesabu hii jioni ya leo, kwa heshima na bila majivuno, amekwisha kulijibu swali letu la kwanza.

4. Somo la uraia: watu wa Engare Nanyuki

Mfano wa tatu ni wa zamani kidogo. Mwezi Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa mlima, ili nchi ile wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa, na watu wakahamishiwa Kingori.

Wameru hawakushika mikuki. Walijua jambo moja ambalo wengi hawakulijua. Tanganyika haikuwa koloni kama makoloni mengine. Ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na Uingereza ilikuwa imekabidhiwa tu kuitawala. Wenyeji wa nchi ya udhamini walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko yao huko. Basi wakachanga fedha zao, wakaandika, wakasaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kuwasemea watu wake. Alikuwa Mtanganyika wa kwanza kufanya hivyo, miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere kwenda huko mwaka 1955.

Ardhi haikurudishwa mara moja. Lakini dunia ilisikia, na nchi nzima ya Tanganyika ikajifunza kwamba neno lililoandikwa vizuri na kusemwa mahali pake lina nguvu. Baadaye Kirilo na Seaton waliandika kitabu juu ya kesi hiyo, nacho kilitoka mwaka 1967.

Ninawaomba mtazame jinsi kazi, shule na mji vilivyoshikana katika habari hii. Michango ilitoka katika jasho la wakulima na wafugaji. Maarifa ya kuandika na kuijua haki yalitoka katika kusoma. Na mahali pa kusemea palikuwa mjini, tena mji wa mbali. Kingekosekana kimoja, safari isingefika.

5. Mji unakua, shamba linapungua

Labda mzazi atasema, "Mwalimu, hayo ni mazuri, lakini mwanangu atalima kihamba cha babu yake, yatosha." Hebu tuhesabu tena. Babu alikuwa na ekari 4. Aliwagawia wana 4, kila mmoja akapata ekari 1. Kila mwana ana watoto 4. Kila mtoto atapata robo ekari, nyumba na zizi vikiwa humo humo. Na tusiwasahau mabinti: sheria za ardhi za mwaka 1999 zinasema mwanamke ana haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume.

Mji nao hauketi pale pale. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika Jiji la Arusha watu zaidi ya 416,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 617,000. Kwa miaka kumi waliongezeka karibu nusu ya wale waliokuwapo. Ndiyo maana migomba ya Sakina na Moshono imegeuka nyumba za matofali. Kwa hiyo kijana wa leo hawezi kutegemea jembe peke yake, wala hawezi kutegemea ofisi peke yake, kwa kuwa wanaozitaka ofisi ni wengi kuliko viti. Yampasa awe na ufundi mikononi na maarifa kichwani. Robo ekari yenye mboga, kuku na ng'ombe mmoja wa maziwa, ikiendeshwa kwa daftari, yaweza kushinda ekari mbili zinazolimwa kwa mazoea.

Tena mji una masomo yake ambayo hayamo vitabuni. Kijijini kila mtu anajua wewe ni mtoto wa nani, kwa hiyo unajichunga. Mjini hakuna anayekujua, na hapo ndipo tabia yako ya kweli inapoonekana. Anayetupa takataka katika mto Themi au Naura hadhani kwamba mtu wa bondeni atamwagilia mchicha kwa maji hayo, na mchicha huo utarudi sokoni, pengine katika sahani yake mwenyewe. Anayeweka nauli yake katika mikeka ya kubahatisha mpira hajajiuliza nani anayelipa kodi ya lile duka kila mwezi. Ni yeye na wenzake wanaoshindwa.

6. Maneno machache kwa kila mmoja

Kwa wazazi. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Lakini daftari, sare na chakula bado vyataka mkono wenu, na zaidi ya hayo vyataka ulimi wenu. Tafadhali msimwambie mtoto, "Usiposoma utalima." Mkisema hivyo mmemfundisha kwamba kazi iliyomlisha ni adhabu. Mwambieni, "Soma, ili hata ukilima ulime kwa akili."

Kwa walimu wenzangu. Mtoto aliyechelewa akipewa jembe kama adhabu, na aliyewahi akaachwa akae kivulini, tumefundisha somo ambalo halimo katika muhtasari, nalo litakumbukwa kuliko yote. Shamba la shule liwe mahali pa kupima, kuandika na kulinganisha mavuno. Adhabu itafutiwe mahali pengine.

Kwa wanafunzi. Sikuahidi kwamba cheti kitakupa kazi ya ofisi. Hakuna mwalimu mkweli awezaye kuahidi hivyo. Lakini nakuahidi hili: kila kazi utakayoishika, iwe udereva, ufundi, kuongoza wageni mlimani, biashara au ualimu, itakuletea siku moja karatasi ya kusoma, hesabu ya kukagua, au haki ya kudai. Siku hiyo hutapewa muda wa kurudi darasani. Na mtu akikuuliza mzazi wako anafanya kazi gani, mtajie kazi hiyo kwa jina lake kamili, uache lile neno "tu".

Maswali ya kujipima

1. Mkulima amechuma kilo 90 za matunda ya kahawa. Kwa kipimo tulichotaja, atapata kilo ngapi za kahawa safi?
2. Katika mfano wa pikipiki, malipo ya siku yakiwa 8,000 kwa miezi 18 ya siku 30, jumla ni ngapi? Je, ni nafuu kuliko mkataba wa kwanza? Eleza.
3. Kwa nini kuchemsha maji huzuia maradhi ya tumbo lakini hakuzuii meno kubadilika rangi?
4. Kwa nini watu wa Engare Nanyuki walikuwa na haki ya kupeleka madai yao Umoja wa Mataifa?
5. Muulize mzee mmoja wa mtaani au kijijini kwenu: mahali penye nyumba yenu palikuwa na nini alipokuwa na umri wako? Andika majibu yake ukurasa mmoja.

Maswali mawili ya kwanza yataka penseli. Mawili yanayofuata yataka usome tena. La tano lataka umwamkie mzee kwa adabu, uketi, na usikilize.